Vigae vya Nguo za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaja asubuhi na gunia. Ndani: nusu ya nguo za marehemu mama. Nusu nyingine kabaki nayo kwake, maana Dada hajawahi kumwachia mtu kitu kizima. Mama Mdogo anahamia kwa Dada Jumapili. Macho yamezima kabisa. Dada anataka akute kitandani blanketi la viraka vya nguo za marehemu dada yake, aguse ajue yuko kwa watu wake. Yeye atashona vigae ishirini na vinne, mimi ishirini na vinne. Kigae ni vipande vinne vya mraba vilivyounganishwa. Kaviita hivyo kwa kuwa vitapangwa kama sakafu. Cherehani ya mama niliirithi mimi, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Kaniachia kadi ngumu, inchi nne kwa nne. Ati kila kipande nichore kwa kadi hiyo, na kila mshono ule robo inchi, usizidi, usipungue. Kasema mara tatu! Kwangu mimi, niliyerudisha trela kinyumenyume kwenye vichochoro vya nchi tisa bila kugusa ukuta! Jicho hili ni rula. Nikajibu, sawa Dada. Mkubwa habishiwi. Anazungukwa.

Jumanne, 4 Machi

Kadi nimeitumia vipande viwili. Inateleza, inachosha, haina heshima. Nimevumbua njia yangu: kipande nilichokata nakiweka juu ya kitambaa, nakata mwenzake. Huyo mwenzake naye nampimia mwingine. Nguo inajipima yenyewe! Sijui watu waliosoma huwa wanafanya nini huko shuleni.

Mke wangu kachungulia, kauliza kadi iko wapi. Nikamwambia iko kazini. Ni kweli. Iko chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Ila nguo zenyewe zinanichelewesha. Sketi ya kijivu ina doa la wino. Wino wangu! Nilimmwagia wiki ile niliyoacha shule, darasa la tano. Hakunipiga. Aliizungusha sketi doa likakaa nyuma, akaenda nayo kazini miaka sita. Nimekata doa likae katikati ya kipande. Nikakaa nalo mkononi mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Vipande themanini na kidogo nimevipanga kimoja juu ya kingine. Nimepata mnara uliosimama kichwa chini! Cha kwanza inchi nne. Cha juu kabisa kinakaribia inchi tano. Kila kimoja kilimzidi mzazi wake uzi mmoja, kama watoto wa jirani. Nimekagua mkasi. Hauna kosa. Ni vitambaa vimenenepa.

Nikatafuta dawa. Vinene nikavichemsha vipungue. Havikupungua, vilibadilishana rangi tu. Vyembamba nikavivuta kwa pasi ya moto. Vimekuwa tiara. Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema kadi ya Dada ingekuwa na mdomo ingelia.

Nimeshona hivyo hivyo. Kabla ya chai mshono wangu unakula nusu inchi, baada ya chai unalamba tu. Wastani ni robo. Hesabu haidanganyi.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kapiga simu. Gauni la bluu lenye vitone liko kwenye gunia langu, liliingia kwa bahati mbaya, nisiliguse mpaka nimeamka vizuri. Vitone vyake vimetariziwa, vinasimama kama punje za mtama. Mama na Mama Mdogo walishonewa magauni mawili ya jora moja, wakawa wanasimama mlangoni watu wasijue nani ni nani. La Mama Mdogo liliisha zamani. Hilo ndilo vidole vyake vitalitafuta. Linatosha vipande vinane, basi.

Nikakaa na mkasi. Mama alilivaa siku aliponisindikiza kupanda lori la kwanza, nina miaka kumi na saba na masharubu mawili. Alimwambia dereva, huyu akisema ameshiba usimwamini. Akasimama getini. Niligeuka mara nne. Mara zote nne bluu ilikuwepo.

Nikakata. Viwili vya kwanza vimetoka kama mapaa ya nyumba. Nimebaki na sita. Nilifikiria ile kadi, wallahi. Lakini iko chini ya mguu wa meza, na mezani kulikuwa na chai.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka mzigo na cherehani ya kuunganishia, vizuri vikiwa juu. Dada kamwaga vyote chini. Kauliza kama nimekata kwa mkasi au kwa meno. Kavishika vile sita vya vitone, kavigeuza, machozi yakamjaa. Kasema niende nyumbani, niiache cherehani, nisionekane kabla ya Jumapili.

Sijala. Mama Mdogo ataingia nyumba ngeni gizani, apapase, amkose dada yake. Kwa mkono wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepita kwa Dada nikijidai namsalimia shemeji. Cherehani inanguruma kama injini ya dizeli. Nimechungulia dirishani. Dada kainama na kadi nyingine na wembe, anafumua, anapunguza, anashona tena. Miguuni rundo la vipande vyembamba kama tambi. Upotevu gani huu! Nikameza maneno. Mtu akiwa na kazi ngumu usimwongezee aibu.

Jumapili, 9 Machi

Blanketi limenyooka! Kona kwa kona, kama barabara mpya! Mama Mdogo kaketi kitandani, akaanza kupapasa. Kijivu, akapita. Njano, akapita. Akafika kwenye vitone. Vidole vikasimama. Akarudi, akavihesabu. Akasema taratibu, mbona umenitangulia, we mwanamke. Akalaza shavu hapo. Dada kalia. Shemeji kalia. Mimi niliingiwa na vumbi macho yote mawili.

Blanketi ni fupi kidogo, linaishia magotini. Dada kakosea hesabu. Sikumwambia mbele ya watu.

Ila ukweli umesimama: vigae arobaini na vinane vimekutana bila kupishana hata uzi. Jicho langu! Na nilikuwa nimeanza kulitilia shaka, mjinga mimi. Mama Mdogo anahitaji kifuniko cha magoti, na Dada ana koti la marehemu baba kabatini, moja tu, zima, halijaguswa. Yeye kaenda jikoni kutia chai. Ametuachia mkasi mezani.

Nimeshakata mkono wa kushoto wa koti.