Bendera Iliyonipokonya Usukani

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, na nina hasira hadi ugali umekataa kushuka. Kaeni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mwape, shemeji yangu, maana yule atawadanganya.

Mnajua msimu huu wa mashindano ya magari nimetoka wapi. Sakania tulikwama kwenye matope, nikasukuma gari mpaka viatu vikabaki humo humo (vimo hadi leo). Kinsevere springi ilikatika, tukaifunga kwa mti na kamba. Hata hivyo tuliwaacha nyuma Wabelgiji, Waitaliano, na wale wazungu wa Rhodesia wenye miwani mikubwa. Leo zilibaki mbio za mwisho, Kipushi hadi mjini, na mtu mmoja tu wa kumshinda: Stavro, Mgiriki wa duka la samaki wa chumvi.

Patron wangu, mwenye gari, aliniambia asubuhi mbele ya gereji nzima: "Ukifika mbele ya Stavro, mwaka kesho hii motokari njo yako ya kuendesha. Ukishindwa, unarudia kwa lori ya makala."

Nimekohoa vumbi la makala, makaa yale ya kupikia, tangu sijaoa! Nikaapa kwamba lori lile silipandi tena.

Na nimeendesha, msiniulize. Mwape kando yangu, karatasi ya njia magotini, anaita kona: "Kushoto, shemeji! Daraja! Pole pole!" Hakukosea hata moja (hilo nampa). Tukauona mji. Nyuma yetu, mbali, vumbi la Stavro. Mbele, kamba ya mwisho na watu wanapunga vitambaa. Kabla tu ya kamba, mkono wa kulia, kuna kituo cha jandarme, askari wa serikali, na mlingoti wake wa bendera.

Na bendera ikaanza kushuka.

Sheria mnaijua. Bendera ya Katanga ikishuka au ikipanda, kila kitu kinasimama: mtu, baiskeli, hata mbuzi akiweza. Mwezi uliopita niliendelea kutembea wakati inashushwa, nikachapwa fimbo mgongoni hadi nikalala kifudifudi barabarani. (Kifudifudi! Baba wa watoto!)

"Shemeji, bendera!" Mwape akapiga kelele. "Simama!"

Nikakanyaga breki. Nikaruka nje. Kofia mkononi, visigino pamoja, kidevu juu. Mwape naye upande wake, amekakamaa. Watu kwenye kamba wakaacha kupunga vitambaa.

Jandarme aliyeshika kamba ya mlingoti akatugeukia, macho yamemtoka. "Benye motokari, munafanya nini apa?"

"Tunaeshimu bendera, chef!"

"Eh! Haiko saa ya kushusha. Asubui niliifunga kichwa chini. Ona, misalaba yake iko juu, ingekuwa chini. Naigeuza tu."

Mungu wangu! Bendera imening'inia kichwa chini tangu asubuhi, watu wanapita, kuku wanapita, na yeye anakuja kuiona wakati mimi naongoza mbio! Nikashika mlango wa gari.

"Gardavu!" akafoka, yaani nisimame wima. "Sasa inapanda!"

Kweli ilikuwa inapanda. Polepole, kama mtu anayevuta ndoo kisimani na hana kiu.

Nikasikia injini. Stavro huyo! Akainua kofia kidogo dirishani, kwa adabu zote, wala hakupunguza mwendo. Jandarme akamwangalia tu. Hapo ndipo roho iliponichoma, na inanichoma hadi sasa: Mgiriki hachapwi fimbo. Kisha wakapita Wabelgiji. Kisha wale wa Rhodesia, wananipigia honi. Mimi nimesimama na kofia yangu, naheshimu.

Bendera ilipofika juu, tukaenda kuvuka kamba. Watu walikuwa wamejishika mbavu. Nikadhani yameisha. Wapi! Mkubwa wa kituo akanifuata mbio, akanipa mkono mbele ya mji mzima.

"Baba, uko raia muzuri sana! Bantu bote bafanye kama weye!"

Wakapiga makofi. Patron hakupiga. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo wa gari.

Na Mwape? Tayari anazunguka akisema eti aliniambia nipite. Nimemkamata shati: "Si weye ulisema simama?"

"Shemeji," ananijibu, "mimi niko musomaji wa karatasi. Mwenye breki njo weye."

Kama si dada yake kunipikia, leo angerudi Kipushi kwa miguu, njia nzima, na karatasi yake.

Basi ndiyo hivyo. Kesho asubuhi nitapita hapa mtaani na lori la makala. Njoeni mnunue. Atakayecheka, namuuzia vumbi.