Vyambo vya Akiba na Mkwe wa Ziwani

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu tangu asubuhi. Manyunyu. Kinu kimesaga magunia mawili ya mahindi, kisha wateja wakakauka. Nikafunga mlango, nikashuka bwawani na ndoano yangu.

Sikupata kitu. Samaki wa bwawa letu la Karurumo wamegoma. Ama baridi hii imewafunga midomo, ama wamenijua.

Niandike wazi hapa, maana kwingine siwezi. Jumamosi wakwe wanakuja kujitambulisha. Binti yangu Maxine anataka kuolewa na kijana wa Homa Bay. Kijana mpole, sina neno naye. Mwezi wa sita aliniambia kwa simu kwamba baba yake, Mzee Ondiege, amezaliwa kando ya ziwa na ni mvuvi wa kwelikweli. Nikasikia mdomo wangu ukijibu kwamba hata mimi ni mvuvi. Kwamba huku Embu naitwa Gikunda wa Ndoano. Hakuna mtu amewahi kuniita hivyo! Mzee akafurahi, akatuma salamu kwamba tukikutana tutavua pamoja.

Ndoano niliinunua siku iliyofuata.

Leo jioni Maxine amepiga simu. Anajua sijawahi kuvua. Sauti yake haikuwa ya kugomba, ilikuwa ya kuchoka, na hiyo ni mbaya zaidi. "Daddy, nakuomba kitu moja tu," akasema. "Usidanganye huyo mzee. Mimi ndiye nitaishi na hao watu."

Nimemwahidi. Nimeapa. Na nina mpango mzuri. Nikipata samaki mmoja kabla ya Jumamosi, uongo utakuwa umegeuka ukweli, na hakuna mtu atakayekuwa amedanganywa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefikiri sana usiku wa jana. Shida yangu ni kwamba nilikuwa na chambo kimoja tu, minyoo. Mtu wa maana huwa na akiba. Mkulima ana mbegu ya akiba. Kinu changu kina mkanda wa akiba. Itakuwaje mvuvi ategemee mnyoo peke yake?

Nimetafuta kisanduku, nikaandika juu yake VYAMBO VYA AKIBA. Cha kwanza nimekitengeneza leo: kijiko cha chai, nikakitoboa kwa msumari, nikakipiga msasa mpaka kikang'aa. Samaki akikiona atadhani ni samaki mdogo anapita. Kijiko ni cha Celina, mke wangu, katika vile sita alivyopewa na kina mama wa kanisa. Vyake vya wageni. Nitakirudisha.

Bwawani nimemkuta Idris wa buchari, muuza nyama. Huyu mtu ananiudhi bila kosa. Kila wiki anapata kambare mmoja au wawili, na hajisifu hata kidogo, ndiyo maana ananiudhi. Nimemuuliza siri yake. Akasema hakuna siri, unaweka kipande cha utumbo, unanyamaza. Sikuamini. Mtu mwenye siri ndivyo husema.

Nimerusha kijiko mara moja. Kikanasa kwenye mzizi. Kamba ikakatika.

Celina ameuliza usiku kijiko kimeenda wapi. Nimesema labda panya.

Jumatano, 6 Agosti

Leo chambo cha pili cha akiba. Ilinijia wakati nikisubiri mteja: muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa! Kitu gani kinapendwa zaidi hapa kwetu? Magari yanabeba majani hayo kila siku, watu wanayangoja kama mvua. Kama binadamu hawezi kuyaacha, samaki ni nani? Nimenunua kifurushi kibichi kabisa, nikayafunga majani kwenye ndoano kwa uzi, nikatupa mengine majini ili kuita wateja.

Nimekaa tangu saa nane hadi giza likaanza. Maji hayakutikisika hata kidogo. Nilikuwa nawaona, wale tilapia wadogo, wakija, wakinusa, wakizunguka kwa furaha, wakienda zao.

Idris alikuwa ng'ambo. Akaja polepole, akatazama ndoano yangu, akaniuliza, "Gikunda, wewe ukitafuna hii muguka, unaskianga njaa?"

Nimekunja kamba, nikarudi nyumbani. Miaka yangu yote nimeishi na walaji wa muguka. Najua hawagusi chakula mpaka kesho yake. Nimewashibisha samaki wa bwawa zima!

Alhamisi, 7 Agosti

Chambo cha tatu: tonge la ugali uliokandwa kwa maini. Kuku wa jirani amekula tonge lote nikifungua kamba. Sijapata hata nafasi ya kukosa samaki.

Celina ananitazama tu. Jioni akaniketisha, akasema nimpigie Mzee Ondiege nimwambie ukweli, tucheke, yaishe. Akanikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia yangu inahitaji kufika Jumamosi tu.

Lakini maneno yake yamekaa nami. Kwa nini nilisema vile kwenye simu? Nimesaga mahindi ya watu miaka mingi, na ni kazi ya heshima. Mtu akija anaweka debe, anaongea na mwenzake, anachukua unga, anakwenda. Kinu kina kelele, hakuna anayeniuliza kitu. Siku ile kijana alipomsifu baba yake, niliona wivu. Nilitaka Maxine naye awe na baba wa kusimuliwa. Ndiyo hivyo. Nimeliandika na sitaki kulisoma tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa mwisho, na ni wa akili. Chambo cha akiba kuliko vyote: samaki mwenyewe.

Nimemngoja Idris atoke msikitini, nikamwomba aniuzie kambare, akiwa hai. Nitamfunga ndani ya gunia, nilifiche kwenye matete. Kesho nikiwa na Mzee nitajifanya nachomoa kitu majini, nimtie ndoano haraka haraka. Idris alikataa pesa zangu. Akanipa kambare bure. Akasema ni zawadi ya arusi, lakini nisimtaje. Huruma yake imeniuma kuliko kama angenicheka.

Kambare mkubwa, mweusi, masharubu marefu! Nimemweka kwenye beseni la maji hapa kinuni, pembeni mwa ua wetu, nikafunika kwa ungo. Ndani ya nyumba siwezi kumpeleka. Mama yangu, Ciakuthii, hataki samaki aingie jikoni, wala sufuria yake iguswe na samaki. Kwake yeye samaki na nyoka ni watoto wa shangazi mmoja. Ndivyo walivyolelewa wazee wetu.

Maxine amefika jioni. Amenikumbatia, akaniuliza kama ninakumbuka. Nimesema nakumbuka. Na nilikumbuka kweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Kumbe kambare hutembea!

Amesukuma ungo, ametoka kwenye beseni, amepita juu ya pumba zote za mahindi, akatoka chini ya mlango. Asubuhi Mama alikuwa akienda kukamua ng'ombe. Akakutana naye uani, mweupe kwa unga, akijikokota kuelekea kwake. Sikusikia mayowe. Nilisikia panga. Nilipotoka alikuwa ameshamaliza, anapangusa panga kwenye majani. Akaniambia ameishi miaka themanini na hajaona nyoka mwenye ndevu, ndiyo maana amempiga mara mbili. Kisha akamzika, na mawe juu.

Wageni wakafika saa tano. Mzee Ondiege ni mrefu, mtaratibu, kofia mkononi. Tukala mbuzi, tukaongea ya vijana, yote yakaenda vizuri. Maxine alikuwa akicheka kama alipokuwa mdogo. Kisha Mzee akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ameahidiwa bwawa.

Tukashuka wawili tu. Ukungu ulikuwa umeinuka. Nikampa ndoano moja, nikashika nyingine. Mkononi nina kisanduku cha vyambo visivyofaa, na mbele yangu mtu wa ziwa. Tukakaa. Hakurusha. Nikadhani anangoja nianze, kwa heshima. Nikarusha. Nikaanza kutafuta uongo wa kesho.

Ndipo akazungumza. "Mzee mwenzangu, wacha nikwambie ukweli. Mimi sijawahi kuvua hata omena, wale dagaa wetu wadogo."

Akaniambia ziwa lilimchukua kaka wa baba yake, na mama yake akamkataza maji tangu utotoni. Akasoma, akawa mwalimu wa hesabu. Samaki hununua sokoni kama watu wengine. Kijana wake ndiye aliyepamba habari, kwa mapenzi tu, na yeye akaona haya kumkanusha. Wiki nzima hakulala vizuri akifikiria bwawa hili. "Nimekuwa nikiogopa hii siku," akasema. "Lakini nimekuangalia leo mezani, nikaona wewe si mtu wa kudanganywa."

Nilitaka kulia. Mlango ulikuwa wazi, hata ng'ombe angepita. Nilikuwa na sentensi tayari: hata mimi. Maneno mawili! Nikageuka, nikafungua mdomo.

Kamba ikavutwa.

Nikavuta bila kufikiri. Tilapia! Mdogo, wa kiganja, lakini samaki, anaruka mbele ya macho yetu. Mzee Ondiege akasimama. Akavua kofia. Akanishika bega, akasema sasa amemwona Gikunda wa Ndoano kwa macho yake. Nikatazama ndoano. Haikuwa na chambo. Kwa wasiwasi nilikuwa nimeirusha tupu.

Akaniuliza nimetumia chambo gani.

Nikamwambia ni siri ya ukoo.

Jumapili, 10 Agosti

Wakwe walilala mjini Runyenjes, wakapita asubuhi kuaga. Mzee Ondiege alimshika Maxine mikono miwili mbele yetu sote. Akamwambia kwamba alinifungulia moyo mimi baba yake kwa sababu aliona ni mtu asiyesema uongo, na kwamba nyumba iliyo na mzee kama huyo haiwezi kutoa mke mbaya.

Maxine akatazama chini. Wakati gari linawashwa akanivuta kando, akauliza kama nilimwambia. Nilisema nilimwambia alichohitaji kujua. Hakugomba. Alinitengeneza kola ya shati, pole pole, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule, akaingia garini mwao, wamshushe njiani. Iliniuma. Niliona aibu ya kweli, na bado ipo nikiandika.

Saa nane nikachukua simu nimpigie Mzee. Nilikuwa nimeamua. Yangechukua dakika chache, tungecheka, yangeisha. Kabla sijabonyeza, simu ikalia yenyewe. Ni yeye, wako njiani. Amewaambia ndugu zake wa Homa Bay habari zangu. Wao ni wavuvi wa ukweli, wana mashua, na wamefurahi mno. Mwezi wa kumi na mbili tukipeleka majibu ya mahari, wanataka niende nao ziwani nikawaonyeshe kile chambo cha ukoo. Nikasikia wengine garini wakishangilia. Sauti ya Maxine sikuisikia.

Nikasema sawa. Nikasema nitawaletea cha kutosha.

Nimekaa hapa kinuni tangu wakati huo, nikipima. Upande mmoja kuna maneno mawili. Upande mwingine kuna miezi minne ya kujifunza kuvua. Mtu akitazama bila haraka ataona kwamba hili la pili ndilo rahisi. Kosa langu halikuwa kusema uongo, lilikuwa kuchelewa kuanza mazoezi. Na kijiko kile kilikuwa wazo zuri, kamba ndiyo ilikuwa mbovu.

Celina ameenda kumtembelea dada yake, Kathambi. Vijiko vya wageni bado viko kwenye kabati. Nimechukua viwili, kimoja cha kutumia na kimoja cha akiba. Akiuliza, kuna panya.