Pikipiki ya Mashimo Yaliyofutwa

Kwa furaha isiyo kifani, wananchi walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu nchi nzima haina shimo hata moja barabarani. Mashimo hayakuzibwa, maana kuziba ni kazi ya kizamani na inachafua nguo. Yalifutwa. Mheshimiwa Waziri alipanda jukwaani, akakohoa kikohozi cha kitaifa, akaeleza kwamba kile ambacho watu wasio na subira walikiita shimo sasa kitaitwa Bonde Dogo la Umma, na yeyote atakayetumbukia humo atahesabiwa kuwa ametembelea.

"Tatizo halijawahi kuwa barabara," alisema. "Tatizo ni vyombo vyenu. Havijifunzi."

Kwa hiyo Wizara ingewaundia wananchi chombo kilichokwisha kujifunza: pikipiki ndogo ya njia mbovu, yenye matairi manene na moyo wa mbuzi, itakayoundwa na watumishi wenyewe kuanzia mwanzo bila kununua hata msumari. Iliamuliwa iwe ndogo kwa sababu za kitaalamu. Kubwa ingekula chuma kingi.

Kazi hiyo ikamwangukia Kaimu.

Kaimu alikuwa na jina kama watu wote, ila halikuwa limetumika siku nyingi. Alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Vyombo Vidogo. Cheo alikuwa amekishika tu, kama mtu anavyomshikia mwenzake mzigo stendi, na mwenye mzigo hakurudi tena. Alikaimu mpaka ikawa tabia. Kadi ya siku ya kuzaliwa ya mkewe aliitia saini "k.n.y. Mume". Mama mkwe wake, ambaye alikuja kukaa wiki moja na wiki ikakataa kwisha, hakukubali kumwita mkwe kamili.

"Umeamkaje, kaimu mkwe?" alikuwa akimsalimu kila asubuhi. "Na hawa watoto ni wako kabisa, au nao umewashikilia?"

"Mama, mwache mwenzio anywe chai," mkewe angesema, kisha akacheka kuliko mchokozi mwenyewe.

Ndiyo maana Mheshimiwa alipomwita, masikio ya Kaimu yalisimama kama ya sungura.

"Siku nitakapoizindua pikipiki hiyo, nitakuthibitisha hapohapo mbele za watu," Mheshimiwa alimwambia. "Isipotembea, utarudi masjala ukalambe stempu."

Kaimu hakulala. Kulipokucha akaunda Kamati Ndogo ya Pikipiki Ndogo, na kikao cha kwanza kikajadili idadi ya magurudumu. Mhasibu alitaka moja, kwa kubana matumizi. Afisa wa usalama alitaka manne. Baada ya mashauriano marefu na chai wakafikia maridhiano ya mawili na nusu, na ile nusu ikaahirishwa hadi mwaka ujao wa fedha.

Ndani ya Wizara, aliyewahi kuunda kitu kinachoonekana alikuwa mmoja tu: fundi wa kuchomelea pale karakana, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko moto wake, ambaye watu walimwita Cheche. Alikuwa akijisifu tangu asubuhi hadi jioni, na siku asipopata msikilizaji alijisifia mbele ya nyundo.

"Bosi, mimi nikiamua, hata kijiko nakitia injini," alisema. "Lakini bomba la fremu natoa wapi?"

"Tumia rasilimali za ndani," Kaimu akaagiza.

Cheche akazitazama rasilimali za ndani, akaondoka na reli ya ngazi. Tangu siku hiyo watumishi wa ghorofani walipanda kazini wameukumbatia ukuta kama ndugu aliyepotea.

Bomba alilijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto mpaka likaiva wekundu, kisha akalikunja polepole kuzunguka rimu ya lori.

"Bila mchanga bomba linabonyea," alieleza. "Linakuwa kama shati lililolaliwa."

"Mchanga huu umeidhinishwa?" Kaimu aliuliza.

"Muulize mwenyewe. Hana neno."

Injini ilitoka kwenye jenereta ya ofisi. Umeme ulipokatika, Kaimu aliwatangazia watumishi kwamba giza lile ni Mapumziko ya Macho, nao wakapumzika na macho na viungo vingine vyote. Magurudumu yalitoka kwenye toroli mbili za mtunza bustani, ambaye sasa alibeba mbolea kwenye koti. Klachi ilichomolewa kwenye mashine ya kukatia majani, na majani, kwa kutoambiwa kitu, yakaendelea kuota. Mnyororo ulikuwa wa baiskeli ya tarishi. Kiti alikitoa Kaimu mwenyewe, kwenye kiti chake cha ofisini, kwa moyo wa kujitolea. Baada ya hapo vikao vyote aliviongoza akiwa wima, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Wizara vikao vikawa vifupi.

Siku ya majaribio Cheche alivuta kamba ya kuwashia. Pikipiki ikakohoa, ikapiga chafya ya moshi, ikanguruma kama mtu aliyedaiwa hadharani. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba Kaimu alipoikalia, magoti yake yalipata nafasi ya kuzungumza na masikio yake. Akavuta pumzi. Akaongeza mafuta. Akaondoka kwa kasi ya ajabu, akirudi nyuma.

Alilipita lango kinyumenyume. Alimpita mlinzi, ambaye alipiga saluti kwanza na kushangaa baadaye. Mwishowe uzio wa miiba ukampokea kwa mikono miwili.

Cheche akaja mbio. "Bosi! Umeona mwendo huo?"

"Nimeona tulikotoka."

"Injini nimeifunga kinyume. Kosa dogo tu, hata waganga huwa wanakosea."

"Si kosa," alisema Kaimu, akijichomoa miiba kwa heshima ya cheo chake. "Andika kwamba tumefanya Tathmini ya Nyuma. Kisha igeuze."

Cheche akaigeuza. Ikaenda mbele. Ikapanda kifusi, ikashuka mtaro, ikaruka rundo la matofali na kutua kama paka. Kaimu alishuka, machozi yakimlengalenga, akamkumbatia Cheche mbele ya kamati nzima bila kuomba kibali.

Jioni ile alimwambia mama mkwe, "Mama, kesho nitakuwa mkurugenzi kamili."

"Haya," alijibu mama mkwe. "Kesho nami nitafikiria kukupikia."

Uzinduzi ulipangwa mtaa wa sokoni, na mtaa ulichaguliwa kwa sifa. Hakukuwa na barabara mbovu kuipita ile. Bonde lake moja lilikuwa na vyura waliozaliwa humo, wakaoleana humo, wakapata wajukuu humo. Usiku wa kuamkia siku hiyo pikipiki ililala nyumbani kwa Kaimu, juu ya pikapu ya ofisi; asubuhi Cheche akakaa nyuma akiishikilia, wakafika mapema.

Kaimu aliposhuka, alidhani wamepotea njia.

Barabara ilikuwa nyororo kama kipara. Lami ilikuwa bado inanuka. Mawe ya pembeni yalipakwa chokaa, na mstari mweupe wa katikati ulikuwa haujakauka. Hakuonekana chura hata mmoja, wala babu yake. Mhandisi wa barabara alisimama hapo akijifuta jasho, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mmefanya nini?" Kaimu alinong'ona.

"Si Mheshimiwa anapita?" Mhandisi alishangaa. "Mkubwa akipita, barabara inanyooshwa. Ndiyo desturi. Agizo lilikuja ghafla, bohari tupu, lakini tumehangaika hivyohivyo. Kifusi na vitofali tulivichukua mahali ambapo mwananchi hata mmoja hatalalamika."

"Lakini anakuja kuzindua chombo cha mashimo!"

"Eh," alisema Mhandisi. "Hatukuuliza anakuja kufanya nini. Huwa hatuulizi."

King'ora kikalia. Mheshimiwa akawasili katika gari refu jeusi, akahutubia, akanyoosha mkono. "Sasa mtaona wenyewe inavyopanda na kushuka!"

Kaimu akawasha. Pikipiki ikaenda mpaka mwisho wa mtaa, ikarudi. Haikupanda, haikushuka.

"Hata kitanda changu kingepita hapo!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye umati. Watu wakaangua kicheko.

Mheshimiwa aliinama sikioni kwa Kaimu. "Nataka shimo."

"Mheshimiwa, ulishayafuta."

"Basi chimba moja! Sasa hivi!"

Kaimu akaazima jembe dukani. Hajalinyanyua, mama muuza ndizi alikwisha kuondoka kwenye meza yake na kuketi juu ya lami, miguu kaikunjua, khanga kaitandika vizuri.

"Mama, tupishe, hii ni shughuli ya serikali," Kaimu alimsihi.

"Mwanangu, lami hii nimeiota tangu naolewa. Kachimbe kwenu."

Wengine wakaketi pembeni yake, wauza nyanya, washona viatu, mtaa mzima. Sauti ikatoka nyuma: "Mheshimiwa, karibu tena wiki ijayo! Upitie na mtaa wa nyuma!" Watu wakapiga makofi mazito kuliko yote aliyowahi kupigiwa Mheshimiwa, na hakuna kilichomuudhi zaidi.

"Na kuthibitishwa je, Mheshimiwa?" Kaimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Masjala!" Mheshimiwa alifoka, akatazama saa, akashtuka. Kila siku saa sita kamili Mkubwa, yule ambaye hata Mheshimiwa alimwita Mheshimiwa, alikuwa akiwapigia mawaziri simu ya mezani. Waziri ambaye hakuipokea husikia redioni saa saba nani amechukua nafasi yake. Gari refu likaondoka mbio. Kaimu akafuata na pikapu, amenyong'onyea, Cheche nyuma kaishika pikipiki kama mgonjwa.

Walipofika langoni mwa Wizara, gari refu lilikuwa limesimama kwa pua. Taa zake za nyuma zilitazama mawingu.

Uwanja wa Wizara, uliokuwa umesakafiwa kwa vitofali vyekundu toka langoni hadi mlangoni, haukuwapo. Kila kitofali kilikuwa kimeng'olewa, na kifusi cha chini yake kimechotwa, na bomba la maji limepasuliwa katika pilikapilika hizo. Lilikuwa limebaki ziwa la tope lenye mashimo ya kila umri. Wananchi, kama Mhandisi alivyoahidi, hawakuwa wamelalamika.

Mheshimiwa alisimama juu ya boneti, soksi mkononi. Ng'ambo ya tope, kupitia dirisha la ofisi yake, simu ikaanza kulia.

"Kaimu!" aliita. "Lete hiyo pikipiki! Nibebe!"

Cheche akaishusha, Kaimu akavuta kamba, pikipiki ikanguruma. Akaisogeza hadi kando ya boneti. Kisha akasita, uso ukamsawijika kwa huzuni ya kweli.

"Samahani sana, Mheshimiwa. Mtumishi anayekaimu haruhusiwi kumbeba Waziri katika chombo cha serikali. Lazima awe amethibitishwa."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, Mheshimiwa. Kwa mwandiko mzuri sana."

Simu ikalia.

"Nitaiendesha mwenyewe!"

"Inawezekana," Cheche alidakia. "Lakini injini hii ina tabia zake. Mara ya kwanza ilimpeleka bosi kwenye miiba."

Simu ikalia. Mheshimiwa akatazama tope, akatazama dirisha, akatazama soksi zake.

"Basi umethibitishwa!"

"Nashukuru mno, Mheshimiwa," alisema Kaimu, kwa unyofu usio na hila hata kidogo. "Utaratibu unataka mashahidi wawili."

"Mimi nimesikia," alisema Cheche.

"Mimi sijasikia vizuri," alisema mlinzi wa lango, ambaye alikuwa amesimama pale muda wote akiwa katika saluti. "Injini inapiga kelele."

"NIMEMTHIBITISHA MKURUGENZI!" Mheshimiwa alinguruma mpaka watumishi wa ghorofani wakajitokeza madirishani, wameukumbatia ukuta.

"Hapo nimesikia," alisema mlinzi.

Kaimu, yaani Mkurugenzi, akasogea mbele kidogo na kupangusa kwa mkono wake kipande cha kiti kilichobaki. Kilitosha kitabu kidogo. Waziri akashuka juu yake taratibu, akakunja miguu, magoti yakamfika masikioni. Simu ikalia.

"Shika kiuno, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi.

Mheshimiwa akatazama huku na huku kama kuna kingine cha kushika. Hakikuwapo.

Akashika kiuno.