Mablanketi Sita ya Mama Klementina

Jumatatu, 2 Juni

Baridi kali. Nimeteuliwa kuwa mlezi! Mganga Mfawidhi kasema chumba chetu cha fiziotherapia kimepata mtarajali aliyetoka chuoni, nimlee wiki saba, na nikimlea vizuri jina langu litakwenda Mbeya kwenye mafunzo ya wakufunzi. Miaka kumi na tisa nakunja na kukunjua magoti ya watu hapa Sumbawanga. Hatimaye!

Mtarajali mwenyewe ni Jasmin, binti wa wenye malori pale mjini. Kaniamkia shikamoo mzee. Mzee! Nina arobaini na sita.

Mpango: nimfundishe kidogo kidogo. Akijua yote, mimi nabaki na nini? Leo kakunja mashuka.

Alhamisi, 5 Juni

Mashuka yamekwisha. Wagonjwa wameanza kuuliza yule dada mpole yuko wapi. Simpendi.

Nimempa mgonjwa asiyeponeka. Mama Klementina wa Ilemba, goti limekakamaa tangu atolewe hogo la plasta mguuni. Mwezi wa nne nilimwambia goti hilo ndiyo basi. Sikulipima sana. Ilikuwa Ijumaa saa tisa na nusu, nawahi kinyozi. Jasmin akishindwa naye, hakuna atakayeniuliza kitu. Safi kabisa.

Jumanne, 10 Juni

Jasmin hakuanza na kupima. Kamuuliza mama anataka goti la kazi gani! Mama kasema mwanawe anaoa tarehe 19 Julai, na wakwe hawapokelewi kwa kusimama. Lazima apige magoti, apige makofi taratibu, Kifipa. Mimi Mfipa wa baba na mama, na muda wote huo sikuwahi kumuuliza.

Sasa kuna mkeka sakafuni na mablanketi sita yaliyokunjwa. Mama anapiga magoti, anakalia rundo. Akizoea, Jasmin anatoa moja. Nimemwambia kitabuni hakuna kitu hicho. Kaniuliza, kwa adabu, ni kitabu gani. Nikaenda chai.

Jumatatu, 30 Juni

Mablanketi yamebaki matatu. Matatu! Mfawidhi akiona atauliza nani alisema ndiyo basi. Afadhali aone ni mimi ninayelikunja goti hilo. Kesho anapita.

Jumanne, 1 Julai

Nimemtuma Jasmin stoo akatafute bandeji. Mfawidhi alipoingia nikatoa mablanketi mawili kwa mpigo, nikamkandamiza mama mabegani huku naeleza. Mama akapiga yowe, wodi ya jirani wakatoka nje. Goti likaanza kuvimba tunaliangalia. Mfawidhi akaondoka bila kuaga.

Kwenye faili nimeandika mgonjwa hakutoa ushirikiano. Jasmin alirudi, akasoma, akanitazama. Kisha akaenda kulifunga goti kwa bandeji.

Ijumaa, 11 Julai

Mama hajarudi kliniki. Jumamosi iliyopita Jasmin aliteremka Ilemba kumfanyisha mazoezi nyumbani, kwa lori la baba yake mdogo Mahmud. Kesho anakwenda tena. Nimemwambia utaratibu hauruhusu. Kasema sawa mzee, akaniuliza kama nina ujumbe wowote kwa mama. Nilikuwa nao. Nikasema sina.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda harusini. Nilijiambia ni kwa ajili ya ripoti.

Wakwe wakafika. Mama Klementina akashusha goti zima kwanza. Lile jingine likagoma njiani. Akabaki hapo, nusu kasimama nusu kainama, kamshika Jasmin bega. Mama wa bibi harusi akaona. Akapiga magoti yeye, mbele ya mwenzake, akaanza makofi. Wakapigiana taratibu, mama machozi yakimtoka. Watu wakapiga vigelegele.

Nilikuwa nyuma ya turubai. Nililia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jasmin kaniambia, bila hasira, kwamba kwa hesabu yake ya Juni mama angefika chini wiki moja kabla ya harusi. Kisha mama mwenyewe akaniita Daktari Timoth, akanishukuru kwa kumpa Jasmin, akaagiza niletewe ugali wa ulezi na paja la kuku. Ningefurahi angenitukana. Nimekula yote.

Jumatatu, 21 Julai

Jasmin kamaliza, kaondoka. Chumba kimekuwa kikubwa. Wagonjwa wanne wamemuulizia, wawili wakageuza wakarudi kwao. Mbeya jina langu halikwenda.

Saa nne Mfawidhi kaniletea mtarajali mwingine, Zenon, ana daftari jipya na maswali mengi. Kasema ananipa nafasi ya mwisho. Nimefunga mlango, nimekaa, nimejichunguza kwa moyo mweupe kabisa, nijue nilikosea wapi safari ile. Imenichukua chai nzima, lakini nimepata.

Jasmin nilimpa mgonjwa. Zenon simpi.