Kipimo cha Chai ya Kujitegemea

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna tena mtu wa kusaidiwa-saidiwa. Aliyetangaza hayo ni Mkurugenzi wa Huduma za Mitaani kwa Watu Wenye Ulemavu wa Akili, na wasaidizi wake wote wakampigia makofi.

"Tunajenga taifa la kujitegemea," alisema, huku katibu muhtasi akimfungulia chupa ya maji.

Mageuzi yalikuwa mazito. Serikali ilikuwa ikiwalipa wasaidizi wa mtaani, watu wa kuandamana na wenye ulemavu wa akili kwenda kazini na sokoni, ili waishi kama binadamu wengine badala ya kufungiwa ndani. Mkurugenzi aliona hela ya umma inavuja hapo, akabuni Kipimo. Mpimwa anaingia jikoni peke yake, anapika chai. Akiweza, tayari anajitegemea, kwa hiyo msaidizi anaondolewa. Asipoweza, ni wazi msaidizi hakumfundisha kitu, kwa hiyo anaondolewa. Siku alipoiandika sentensi hiyo ya pili, Mkurugenzi aliweka kalamu chini akajishangaa: jamani, hivi mimi nina akili kiasi hiki?

Wa kwanza kupimwa alikuwa binti ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja, kwa sababu alikunja mashuka kwa dobi na hakumvumilia mtu yeyote mwenye kuacha mkunjo. Aliletwa ofisini na mama yake, muuza mitumba, pamoja na dada msaidizi wake. Waandishi wa habari nao walikuwepo, maana Mkurugenzi hakupenda kufanya mema gizani.

"Samahani, mheshimiwa," mama akasema, "labda nimeelewa vibaya. Anayeweza ananyang'anywa, na asiyeweza ananyang'anywa?"

"Umeelewa vizuri sana, mama. Huo ndio usawa."

"Sasa nikiwa kwenye biashara, nani atamvusha barabara? Huyu akiona magari anakaa chini katikati ya lami! Nimfungie ndani mtoto mwenye kazi yake? Ndicho mnachotaka?" Akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa huruma kubwa, ile aliyofundishwa kwenye semina.

Meneja akaingia jikoni. Akapika chai, akawamiminia wote, hadi mpiga picha. Kisha akamtazama Mkurugenzi, ambaye alikuwa keshaanza kunywa.

"Haya, na wewe. Zamu yako."

Watu wakacheka, kamera zikamgeukia. Angekataaje? Mkurugenzi akavua koti, akakosa pa kulitundika, akalivaa tena, akaingia. Kwa miaka mingi chai kwake ilikuwa kitu kinachotokea tu mezani. Akatia majani kwenye kikombe kikavu. Akatafuta kiberiti ndani ya friji, na jiko lenyewe lilikuwa la umeme. Mwisho akapaza sauti:

"Tarishi! We tarishi! Maji ya moto yanakaa wapi?"

Mpimaji alikuwa mzee mnyoofu kama rula, na Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemteua kwa sifa hiyo.

"Ameita msaada. Ameshindwa," alisema. "Wasaidizi wake waondolewe."

"Una wazimu? Mimi si mlemavu!"

"Kanuni haisemi mlemavu, mheshimiwa. Inasema mpimwa. Umeiandika mwenyewe, na imekaa vizuri."

Dereva, katibu muhtasi, tarishi na yule bwana wa kubeba mkoba wakaambiwa watoke. Walitoka kwa kasi ambayo ofisi ile haikuwahi kuiona.

Mkurugenzi akachungulia dirishani. Gari lake lilikuwa limeegeshwa vizuri, halina mtu, na yeye kuendesha hajui.

"Basi nakifuta hicho kipimo! Sasa hivi!"

"Ni haki yako," Mpimaji akasema. "Ila ukifuta kwako, umefuta kwa wote. Na kufuta ni kwa barua iliyochapwa."

"Mwite katibu muhtasi."

"Ameondolewa."

Mama akavuta kiti akakaa. Alijua barua hiyo ikitoka, binti yake anarudi kazini kesho na dada msaidizi wake. "Chapa tu, mheshimiwa," akasema. "Sisi tupo."

Mkurugenzi akaketi mbele ya kompyuta ya katibu wake, kidole kimoja kikining'inia juu ya vitufe kama kinaogopa kuungua. Mpimaji akasimama nyuma yake kuhakikisha haki inatendeka. Chumba kizima kikasubiri neno la kwanza, na neno la kwanza halikuja.

"Mwanangu," Mkurugenzi akamnong'oneza Meneja, aliyekuwa karibu, "hebu nionyeshe. Hii M iko wapi?"

Meneja aliiona. Akamtazama dada msaidizi, kisha akamgusa Mkurugenzi begani taratibu, kama yeye mwenyewe anavyoguswa kila siku.

"Jaribu mwenyewe kwanza, mjomba," akamwambia. "Ukishindwa kabisa, nitakuazima dada yangu."