Kila Kinachozunguka

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu asubuhi. Meneja katukusanya karakana nzima. Kasema mkaguzi wa winchi na minyororo anakuja Ijumaa. Atakayeonekana anatunza vyombo vya kunyanyulia vizuri kuliko wenzake atapewa funguo za stoo na cheo cha mtunzaji mkuu. Ushindani wa nini? Miaka kumi na moja nipo hapa! Halafu macho yake yakaenda moja kwa moja kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu niliyemwombea kazi kwa mdomo wangu huu huu. Wanamwita Kijiko. Anachota grisi kwa kijiko, kidogo kidogo, kama anamlisha mgonjwa.

Funguo ni zangu.

Jumanne, 4 Machi

Kijiko kashinda kutwa nzima kwenye waya mmoja wa winchi. Mmoja! Kaufuta kwa tambara kavu, kaukagua shubiri kwa shubiri kutafuta nyuzi zilizokatika, ndipo akaupaka grisi. Mikanda ya kunyanyulia kaitundika ukutani isilale kwenye unyevu. Maringo matupu.

Mimi nimemaliza kutu yote kwa saa moja. Nimepaka rangi nyekundu juu yake. Ndoano, mnyororo, vyote vinawaka! Meneja kafurahi, nimemwona. Kisha kauliza iko wapi namba ya tani iliyogongwa kwenye ndoano. Iko chini ya rangi, nikamwambia, imetulia. Kanifokea mbele ya watu, nikaikwangua rangi yote kwa msasa mpaka jioni. Kasema hataki urembo, anataka grisi. Kila kinachozunguka kipate grisi.

Haya. Kila kinachozunguka!

Jumatano, 5 Machi

Ndoo mbili za grisi zimekwisha. Magurudumu ya winchi, makapi yanayopitisha waya, bawaba za milango, feni. Nimepanda ngazi, nikafungua kifuniko cha breki ya winchi. Ndani kuna dramu, ngoma ya chuma. Inazunguka. Nikaipaka mpaka ikajaa. Hata kiti cha meneja kinazunguka, nacho kikapata haki yake.

Kijiko kaja kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi. Kauliza, shemeji, upande wa breki hukugusa, sivyo? Nikamwambia mimi ndiye niliyemwoa dada yake, kwa hiyo haniulizi maswali. Kaondoka anatikisa kichwa. Atikise tu.

Nyumbani sufuria imenitoka mkononi kwa grisi. Mke wangu kanitimua nikale chakula nje. Familia nzima wako upande mmoja!

Alhamisi, 6 Machi

Meneja kainuka kitini, sketi yote kwa nyuma nyeusi. Kauliza nani. Nikasema Kijiko. Watu wakaangua kicheko. Meneja kasema grisi ya Kijiko haienei hata ukucha, hii ni ya mtu mwenye koleo. Na Kijiko mwenyewe hakusema neno! Kachukua tambara, kasafisha kiti. Angenijibu tungegombana, ningejisikia vizuri. Ananyamaza ili mimi nionekane mbaya. Damu inanichemka.

Kesho ni kesho. Tai nimeshaipiga pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira.

Mkaguzi kaja. Nilimwandalia meza ya chai mimi mwenyewe, palepale chini ya winchi, aone vizuri. Wakanyanyua bonge la zege, tani tatu. Likasimama juu. Nikapiga makofi, peke yangu. Kisha likaanza kushuka. Pole pole, halina haraka. Dereva wa winchi akapiga kelele kwamba kaachia kitufe na zege halisimami. Mkaguzi yuko mezani, kikombe mkononi, anaandika! Kijiko akaruka, akamvuta kwa ukosi wa shati. Zege likakaa juu ya meza. Chupa ya chai, sahani, faili la meneja, kwisha!

Mkaguzi kapanda ngazi, kafungua kifuniko. Grisi ikamchuruzikia mikononi. Kashuka anajifuta. Kasema breki inashika kwa sababu ni kavu, na aliyeweka grisi pale alitaka kuua mtu. Nikamkumbusha meneja kauli yake, kila kinachozunguka. Kampa Kijiko funguo mbele ya macho yangu.

Jumapili, 9 Machi

Kijiko kaja nyumbani. Kumbe kaniombea kwa meneja nisifukuzwe. Kasema, shemeji, tusaidiane, wewe shika waya, breki niachie mimi. Mke wangu kanikanyaga mguu chini ya meza, nikasema asante. Iliniuma kuliko mguu.

Lakini akili yangu hailali. Mkaguzi kasema mwenyewe, wote wamesikia: grisi ni hatari, kinachoshika ni kikavu. Sasa ule waya wa winchi umejaa grisi mwanzo hadi mwisho! Nani kaipaka? Kijiko! Mtunzaji mkuu mzima! Na hakuna aliyeliona hilo ila mimi.

Kesho nitafika kabla ya wote. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ngumu. Nitauosha waya wote mpaka lisibaki tone la grisi, kisha nitaumwagia ndoo nyingine tatu za maji, na sitaufuta. Meneja akifika aukute bado unachuruzika maji, ajue nani hapa anajua kutunza vyombo.