Kimbelembele wa Mjengo wa Kinanie

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wiki ya kumi na moja tangu niondoke Amagoro. Bado niko mtu wa mkono, wa kuwabebea mafundi mawe na zege, kwenye mjengo hapa Kinanie. Tuko sita. Foremani Musau amesema Jumamosi atabakiza wanne wa ghorofa ya pili. Mama watoto ameshaitangazia shule kwamba niko kazini mpaka Desemba! Mpango: nionekane kuliko wote. Hasa kuliko Mutunga, ambaye akiitwa huinuka kwa awamu.

Jumanne, 10 Juni
Nimefika kabla ya mlinzi. Nimehamisha mawe yote. Kumbe fundi aliyapanga pale makusudi. Nimeyarudisha. Musau ameuliza kama kwetu hakuna vitanda. Dalili nzuri?

Alhamisi, 12 Juni
Tumemwaga slabu, zege la sakafu ya ghorofa. Musau akasema itamwagiliwa maji asubuhi na jioni, wiki nzima, isipasuke. Nani ataishika hiyo kazi? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza. Akaenda kununua misumari. Ningoje nini? Nikafungulia maji palepale, zege likiwa bado laini. Simiti ikateremka ukutani kama uji.

Mutunga, akiwa ameketi: "Emase ndugu yangu, si ni kuanzia kesho?" Angesema mapema!

Musau alirudi, akatazama, akavua kofia. "Wewe ni kimbelembele!" Mafundi walicheka hadi wakashika ukuta.

Ijumaa, 13 Juni
Chai imenishinda. Nimemuuliza Wavinya, anayetuuzia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, neno hilo limetoka wapi. Akasema limetoka kwa mbele, basi. Mbele mara mbili, kwa sababu mtu huyo akitumwa mbele hupitiliza, akaenda mbele tena, kazi ikabaki nyuma. Na hiyo *ki* ya mwanzo? "Hiyo ni ya kukupunguza, baba. Kula, chakula kinapoa." Nimekula nusu. Lakini mbele mara mbili, ubaya uko wapi?

Jumamosi, 14 Juni
Majina yamesomwa. Mutunga wa kwanza! Mimi sipo. Musau akaniita kando: huenda Ndunda, mmoja wa wale wanne, akarudi kwao Kangundo kuchuma kahawa. Akienda, nafasi ni yangu. Sharti moja: nikae kwenye nyumba niliyopanga, nisiguse kitu, nisionekane mjengoni mpaka anipigie simu. Nimekubali mara tatu kabla hajamaliza.

Kesho namsaidia Ndunda kufunga mizigo. Hajaamua, lakini mifuko ninayo. Mjengoni narudi Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Musau akipiga simu, inikute getini.